Kumleta Hassan kutoka Juu

Jamani, nimechoka. Tangu nirudi sijaenda mwaloni Kibirizi nikanunua dagaa kwa amani hata siku moja. Nikishusha gunia, swali. Nikikaa Ujiji kunywa kahawa, swali. "Husseni, Ufaransa kukoje? Husseni, ni kweli walikukimbia?" Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vinagombana, na mmoja wenu, namjua, keshaongeza jeneza linalotembea. Hakukuwa na jeneza linalotembea. Basi nimekaa niandike mara moja tu, kituo kwa kituo, na atakayeniuliza tena nitamwonyesha karatasi hizi.

Habari za pasi na viza naziruka. Ziliudhi, zikaisha.

Ujiji, chumba cha mbele

Kwa wasiotujua, mimi na Hassan tulizaliwa pacha, tena pacha wa kufanana hasa. Alinitangulia kutoka kwa muda wa chai kuchemka, lakini maisha yake yote aliniita mdogo wangu, na mimi nikamwita kaka. Tofauti yetu ilikuwa kovu moja juu ya nyusi yake ya kushoto, alilolipata tukiwa watoto kwa kurukia mtumbwi uliokuwa ukienda.

Mimi nilishika dagaa, yeye akashika mawe. Alikuwa fundi mwashi. Alipokuja mzee mmoja Mfaransa kukarabati kanisa la zamani la mawe huku mwambaoni, Hassan ndiye aliyefanya naye kazi. Mzee aliishi Kigoma miaka kadhaa pamoja na binti yake, Klotilde, ambaye Kiswahili alikijulia sokoni na anakisema mpaka leo. Mzee alipomaliza kazi alimpenda Hassan kwa mkono wake, akamchukua kwao. Huko kuna kijiji cha kale juu ya kilima, mawe matupu, kimezungushiwa ukuta ambao kila mwaka unabomoka mahali fulani. Jina lake mimi silitamki. Hassan alikiita Juu. Akipiga simu alisema, "Huku Juu kuna baridi, mdogo wangu, mpaka meno yanacheza ngoma."

Msimu wa baridi uliopita ukuta ulioloa mvua ulimwangukia. Klotilde ndiye aliyetupigia simu. Walimzika huko huko.

Sisi Ujiji tulifanya yote yanayotakiwa. Tukamswalia ghaibu, tukasoma hitima, shehe akasema yamekwisha, mwachieni Mola. Lakini mama yangu ni Mha wa milimani, na wakubwa wake walimfundisha jambo ambalo shehe hakumtoa kichwani. Anayefia mbali, ndugu wa tumbo moja sharti amfuate alipolala, amwambie njia ya nyumbani, kituo kwa kituo. Asipoambiwa, anabaki kule kule akipiga hodi kwenye milango ya watu baki.

Basi watu walianua tanga, mama hakuanua lake. Aliburuta mkeka mpaka chumba cha mbele, akawa analala hapo karibu na mlango, mlango wenyewe kausindika tu, Hassan akija asikute umefungwa. Kila jioni anakaa macho yako mlangoni, chakula kinapoa mbele yake. Mwili ukaanza kuisha. Nilimbembeleza, nikamkemea, nikamletea dada zake. Wapi. Nilikuwa nimempoteza kaka, na sasa mama naye alikuwa anaondoka mbele ya macho yangu, akiwa amekaa kitako.

"Nenda ukamlete," akaniambia. "Mimi siinuki hapa mpaka umlete."

Nikaenda.

Nguo za Hassan zilikuwa zimeletwa kutoka Juu katika sanduku, na tulizigawa kama nguo za marehemu yeyote. Mjomba alipata mashati, binamu viatu. Mimi nilipata koti la kazi la buluu, zito, lenye kiraka cha ngozi kwenye kiwiko, na kofia ya sufu ya manjano iliyofumwa kwa mkono. Siku ya kuondoka mama alinivalisha mwenyewe. "Vaa la ndugu yako. Huko baridi. Na yeye akiliona atakujua." Hakuna mtu Ujiji nzima aliyeona kosa hapo. Mngeliona nyinyi?

Treni ya Dar

Nilifungashiwa dagaa, migebuka ya kubanika, chumvi ya Uvinza na kidumu cha mawese, vyote kwa ajili ya "watu waliomlaza mwanangu." Tulipita Uvinza vizuri. Kabla ya Malagarasi treni ikasimama. Mvua ilikuwa imelainisha tuta la reli, ikabidi tungoje. Tulingoja mpaka watu wakashuka, wakawasha moto, wakapika, wakaanza kujuana ukoo.

Jirani yangu alikuwa Mama Espe, Mrundi anayeishi Ulyankulu, aliyesoma shule ya Kifaransa kwao Burundi kabla ya vita kumleta huku. Tulikula migebuka yangu kwa ugali wake wa muhogo. Jua lilikuwa linachoma na mimi nimelikumbatia koti mapajani, akaniuliza kwa nini siliweki juu na mizigo.

"La marehemu kaka yangu. Nakwenda nalo alikofia."

Aliacha kutafuna. "Utalivaa huko huko?"

"Ego, ndiyo, Mama Espe. Kwani nilivae wapi?"

"Yoo! Sijui, mwanangu. Wale Wazungu wana namna yao." Aliliangalia koti kidogo, kisha akavuta mguu wake pembeni lisimguse. Baadaye, nadhani kwa kunionea huruma, akanifundisha sentensi moja ya Kifaransa ya kusema "mimi ni ndugu yake Hassan." Alinikaririsha kama mwalimu wa madrasa mpaka treni ikaondoka, mpaka tukanunua asali Kaliua, mpaka akashuka. Nilipofika Dodoma sentensi yote ilikuwa imenitoka, limebaki neno Hassan, ambalo nililijua kabla.

Meza ya wakaguzi

Ndege sina la kusema, nililala na kofia usoni. Lakini uwanjani kule mkaguzi alifungua mfuko wa dagaa, akarudi nyuma, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine. Walisimama watatu wakiwatazama dagaa, na dagaa wakiwatazama wao. Nilijieleza kwa Kiswahili na mikono. Wakawachukua, na migebuka pia. Chumvi na mawese waliniachia. Nilikasirika sana, maana nilikuwa nakwenda kuwashukuru watu kwa mkono karibu mtupu, na kwetu hilo halifanyiki.

Stesheni isiyo na mtu

Kutoka hapo ni treni tena, mbili. Ile ya pili ilikuwa ndogo. Niliingia nikatoa salamu kwa behewa zima, hakuitika mtu. Nikadhani hawakusikia, nikarudia. Mzee mmoja akahamia kiti cha mbali.

Nayo ikasimama katikati ya mashamba, kwenye ukungu. Hapo ndipo nilipowashangaa. Hakuna aliyeshuka kuuliza, hakuna aliyelalamika, hakuna hata aliyemgeukia mwenzake akasema lo. Kila mtu alikaa kimya, na ukungu nje ya dirisha ukasogea karibu zaidi. Tulikaa hivyo muda mrefu. Nikawa najisikia mimi peke yangu ndiye ninayepumua.

Klotilde tulikubaliana anipokee stesheni. Nilishuka peke yangu. Jengo limefungwa, saa ya ukutani imesimama, hakuna mchukuzi, hakuna mama ntilie, hakuna hata kuku. Alikuja kwa saa ya treni, hakuiona, akafikiri nimekosea kituo, akaenda kunitafuta kingine. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule simu yangu ilikuwa imezima na sikuwa na pa kuichaji.

Nikainua macho nikakiona. Kilima kimesimama peke yake, na juu kabisa, ukungu ulipopasuka, mawe ya kijivu, mnara, paa zilizobanana. Kikatokea, kikapotea. Nikajua ndiko. Nikavaa koti, nikavuta kofia masikioni, nikaanza kupanda.

Kupanda

Njia ilizunguka kilima kwa mizunguko mirefu. Mizabibu pembeni imepukutika majani, vijiti vyeusi mistari kwa mistari. Kengele ililia juu, ikanyamaza. Sikuona mtu, lakini mara kwa mara nilisikia viatu vingine juu ya kokoto nyuma yangu kidogo, vikienda nikienda. Nikajiambia ni mwangwi wa ukuta. Ukuta ulikuwa bado mbali.

Penye mzunguko wa mwisho alitoka mbwa, mkubwa, wa rangi ya majivu. Nyinyi mnajua mimi na mbwa. Niliganda. Yeye akanikimbilia kwa furaha, anatikisa mwili mzima, analia kama mtoto aliyemwona baba yake akitoka safari. Akanilamba mkono. Kisha akanusa mkono ule tena, akanusa koti, akanusa mkono. Mkia ukashuka. Akarudi nyuma taratibu bila kunipa mgongo, akawa ananitazama mimi, halafu anatazama nafasi iliyo kando yangu, halafu mimi.

Niliogopa. Sitajifanya mwanamume hapa. Niliogopa na nikapiga bismillahi kwa sauti.

Juu

Lango la kijiji ni tao la mawe, na njia ya ndani mikokoteni miwili haipishani. Nyumba zimeegemeana pande zote. Moshi unatoka kwenye dohani, kwa hiyo watu wamo. Chini ya tao alikuwa amesimama mzee mmoja. Nikamwamkia shikamoo, mdomo ulizoea. Aliniangalia usoni, akaangalia kofia, akaangalia kiraka cha kiwiko. Uso wake ukawa kama unga. Akajichora msalaba kifuani, akaingia ndani, nikasikia komeo.

Nikaendelea. Kila nyumba niliyoikaribia, dirisha la mbao lilijifunga kabla sijafika. Pa. Pa. Pa. Upande huu, kisha ule, mbele yangu tu, wala si nyuma. Mwanamke aligeuka kona akiwa na mkate mrefu kwapani. Nikaona hapa niseme, ile sentensi imepotea lakini jina lipo. Nikajipiga kifuani nikasema, "Hassan! Hassan!" nikimaanisha mimi ni wa Hassan, nionyeshe alipolala.

Alidondosha mkate. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alirudi kinyumenyume, mkono mdomoni, mpaka kona ikammeza.

Sasa mcheke mnavyotaka. Mimi pale nilidhani kijiji kile ndicho chenye mashetani. Nilijiambia, ndiyo maana kaka yangu hakutoka. Kunakaribia jioni, ukungu umeingia njiani mpaka magotini, na mimi nasimama na kidumu cha mawese katikati ya madirisha yaliyofumbwa, nikijua kabisa kwamba nyuma ya kila dirisha kuna mtu ananitazama. Nilipaona mahali ukuta ulipojengwa upya. Niliujua mkono wa Hassan hapo hapo, jinsi anavyobana jiwe dogo kati ya makubwa mawili. Nikaweka kiganja pale na machozi yakanitoka.

Mbele ya ukuta ule kulikuwa na mlango mmoja mfupi, wa mwisho kwenye uchochoro. Sikuwa na akili nyingine. Nikagonga, nikaita kama ninavyoita kwa jirani zetu wa Buzebazeba, "Hodi!"

Na sauti ya bibi kizee ikaniitikia kutoka ndani, "Karibu!"

Mlango wa Bibi Odeti

Nilitaka kukimbia. Nawaambia ukweli. Mahali pale, mwisho wa dunia, mtu anaitikia hodi kwa Kiswahili, tena haraka, kama aliyekuwa amekaa akingoja.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mzee sana, mdogo wa umbo, macho yake meupe kabisa. Haoni. Nyuma yake meza, na mezani mabakuli mawili ya supu, yote mawili yanatoa moshi.

"Hassan," akasema, akacheka kidogo, akasema maneno mengine, akanivuta kwa mkono wa koti mpaka kitini. Nikakaa. Kaniwekea kijiko mkononi. Ningefanya nini? Nilikula. Supu ya vitunguu na jibini, tamu kuliko nilivyotegemea. Yeye alizungumza polepole, na mara kwa mara alinyamaza kama anayesikiliza jibu, akaitikia kwa kichwa, ingawa mimi sikusema kitu.

Kisha akanyoosha mkono akanigusa uso. Paji, pua, shavu. Akarudi juu ya nyusi ya kushoto. Vidole vikatafuta pale, vikatafuta tena. Vikasimama.

Alivuta mkono wake taratibu akauweka mapajani. Hakuwa na hofu. Alikuwa na huzuni, na aliligeuzia uso lile bakuli langu kama anayejiuliza ni la nani sasa.

Hapo ndipo Klotilde alipoingia mbio, mwanamke wa makamo, nywele zimeloa. Kaambiwa njiani. Aliponiona mikoba ilimtoka mikononi. Tukatazamana.

"Wewe ni Husseni," akasema, anajilazimisha. "Hassan alisema ana mdogo wake. Mdogo! Kigoma hatukuwahi kuonana, naye hakusema mko hivi."

"Mimi ni mdogo wake. Alinitangulia."

"Na hilo koti, jamani? Na kofia? Kwa nini umevaa?"

"Nimerithi. Ulitaka nilitupe?"

Akakaa kitini, akafunika uso, sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote. Akaniambia huku kwao nguo ya marehemu hairudi ikitembea kijijini kwake, tena na sura yake juu. Kijiji kizima kiliona Hassan aliyezikwa amepanda kilima kwenye ukungu, anajipiga kifuani akitaja jina lake. Mzee wa langoni amepiga simu kwa padri.

Basi kumbe mzimu nilikuwa mimi. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, na moyo ukatulia, nikaona kila kitu kimepata maelezo. Nikasema, "Na huyu bibi naye kanisikia nikipiga hodi, akadhani ni yeye. Maskini."

Klotilde hakucheka. Huyu ni Bibi Odeti, akanieleza. Uchochoro huu wamebaki yeye peke yake, wengine wamekufa au wamehamia mjini. Hassan kila jioni akimaliza kazi alipita hapa, akapiga hodi, akamwingizia kuni, wakanywa supu. Kofia ya manjano kaifuma yeye, kwa kupapasa. Hilo neno karibu alifundishwa na Hassan.

Bibi Odeti akasema jambo. Klotilde akamgeukia.

"Anasemaje?"

"Anasema wewe si yeye."

"Ni kweli."

"Anasema yeye alikuja jana." Akalamba midomo. "Na juzi. Anasema anakuja kila jioni, tangu wamzike. Anapiga hodi, naye anasema karibu, anamfungulia, anamtilia supu. Sisi tumezoea. Tunasema ni uzee."

Mimi jana nilikuwa bado angani. Nilitazama bakuli nililokuwa nimelimaliza, nikalisukuma mbali nami.

Nikamweleza Klotilde nilichofuata, naye akamfasiria bibi. Nilipofika kwenye kumwambia Hassan njia ya nyumbani, Bibi Odeti alinishika mkono wa koti. Kwa nguvu, nyinyi, hamuwezi kuamini.

"Anasema usimchukue," Klotilde akasema. "Anasema hana mwingine anayepiga hodi."

Kwanza nilikasirika. Nimevuka dunia, mama yangu anaisha, na mtu ananiambia nimwache kaka yangu awe wa kugonga milango. Nikamtazama yule bibi, jinsi alivyokaa, uso umeelekea mlangoni. Nimewahi kumwona mtu amekaa hivyo hivyo. Hasira ikaniisha yote.

Nikasema, "Mwambie kwetu yuko mama. Naye anakaa karibu na mlango kila jioni. Halali kitandani, wala hali chakula."

Bibi Odeti akauliza, na Klotilde akafasiri, "Yeye anamsikia?"

"Hapana," nikasema. "Hajamsikia hata mara moja. Ndiyo maana analia."

Bibi akageukia kuni zilizokuwa zikilia mekoni. Mkono wake ukalegea, ukaachia koti.

Makaburini

Nililala kwa Klotilde. Baba yake, yule mzee, sasa mgonjwa, analelewa mjini. Asubuhi ukungu ulikuwa pale pale. Habari zilikuwa zimezunguka, madirisha yalifunguka, na watu walitoka kunipa mkono, wengine wakicheka kwa aibu. Mwanamke wa mkate alinishika mashavu, akalia. Mzee wa langoni alinipa mkono haraka na kuuondoa haraka.

Wakanionyesha Hassan. Kona ya makaburi, chini ya ukuta alioujenga mwenyewe, jiwe safi lisilo na msalaba. Klotilde akaniambia baba yake alimtafuta mjini Mwarabu mmoja muuza nyama, akaja na wenzake wakamwosha, wakamswalia, wakamlaza kwa ubavu wa kulia. Kijiji chote kilisimama pembeni. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, maana hilo nilikuwa naogopa kuuliza.

Bibi Odeti alikuja, ameshikwa mkono na Klotilde. Nilipotaka kuanza alinizuia.

"Anasema usianzie hapa kaburini," Klotilde akafasiri. "Anzia mlangoni kwake. Anasema ndiyo njia anayoijua."

Nikaanzia hapo. Nikasema, "Hassan, mwana wa baba yangu, kaka yangu, ni mimi Husseni. Toka mlangoni kwa Bibi Odeti, mwage, mwambie asante kwa supu. Pita uchochoroni, pita ukuta wako, toka langoni. Shuka kilima kati ya mizabibu mpaka reli." Nikamtajia treni ndogo, treni kubwa, ndege. Nikamwambia Dar asikae, joto na watu wengi. Apande treni, apite Dodoma, Tabora, anunue asali Kaliua, asogee Malagarasi, anuse chumvi Uvinza, mpaka aone ziwa. "Ukiliona ziwa umefika. Shuka Kigoma, pita Buzebazeba, ingia Ujiji. Mlango umesindikwa tu. Mama yuko kwenye mkeka. Twende nyumbani, kaka."

Hakuna aliyenifasiria, hakuna aliyehitaji.

Kisha yule mbwa, ambaye alikuwa amelala kando ya kaburi, aliinuka. Akatingisha mkia. Akaanza kutembea kuelekea langoni, taratibu, shingo ameiinua upande mmoja, kama mbwa anavyomtazama anayeongozana naye. Mlangoni kwa Bibi Odeti alisimama kidogo. Akatoka chini ya tao. Sisi sote tulimfuata kwa macho kutoka ukutani, akishuka mzunguko baada ya mzunguko, mpaka chini barabarani. Pale akakaa, akatazama reli. Alikaa hivyo, kisha akageuka akapanda peke yake, kichwa chini.

Mzee wa langoni akavua kofia. Mimi sitaongeza neno hapa. Niliona nilichoona.

Mawese na chumvi nilimwachia Bibi Odeti. Koti na kofia nilimwachia pia, nikavaa sweta ya Klotilde.

Kurudi

Treni zote mbili za kule zilijaa, maana ilikuwa mwisho wa juma. Watu walisimama njiani wameshika vyuma. Kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu. Walikitazama, wakakiacha. Kwenye ndege hivyo hivyo. Kutoka Dar ndipo nilipoamini, kwa sababu nyinyi mnaijua treni ya Kigoma, mnajua kama kuna mtu huacha kiti. Mama mmoja mwenye mizigo alikikaribia pale Tabora, akasema, "Samahani, kumbe kuna mtu," akapita. Sikumuuliza kaona nini. Niligeukia dirisha, na sikuogopa tena. Nilikuwa nasafiri na kaka yangu.

Nilifika Ujiji saa za alasiri. Mama alinisikiliza kila kituo, nikamwambia ya ubavu wa kulia, nikamwambia ya bibi wa macho meupe na supu yake. Alilia kidogo. Jioni alikula ugali wa moto kwa migebuka, akamaliza, akaukunja mkeka akausimamisha nyuma ya mlango. Akalala kitandani. Nilikaa nje nikisikiliza anavyokoroma, nikamshukuru Mola.

Baada ya siku chache Klotilde alipiga simu. Mama alikuwa kando yangu akichambua maharage, nikaweka sauti nje. Klotilde alisema kijiji kinanisalimu. Alisema Bibi Odeti bado anatenga mabakuli mawili, lakini hodi hakuna tena, uchochoro kimya.

"Ameniomba nikuulize kama amefika salama."

"Mwambie nimefika, namshukuru sana."

"Si wewe, Husseni," Klotilde akasema polepole. "Anamuuliza yeye."

Nikamtazama mama. Hakuacha kuchambua maharage, wala hakuinua uso.

"Mwambie amefika," mama akasema.